Grafaiti au chuma: kisa cha kiwiko, safari ya Nakuru na seti mbili za fimbo

Swali la fimbo za gofu, ziwe za grafaiti (nyuzi za kaboni) au za chuma, hufika kwenye meza yangu ya kazi mara kwa mara, na mara nyingi muulizaji huwa ameshajijibu kabla hajaketi. Kisa hiki nakiandika kwa sababu mhusika alijaribu vyote viwili, akawa anaandika umbali na maumivu yake kwenye daftari dogo la mfukoni, na kwa sababu kila alichoamini mwanzoni kilikuwa na ushahidi wa macho. Mpira ulikwenda mbali kweli. Maumivu yalipungua kweli. Ila sababu hazikuwa zile alizodhani.

Ameniruhusu kuandika. Jina lake, klabu yake na kazi yake nimeviondoa. Nitamwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki.

Mhusika na fimbo alizokuwa nazo

Mwalimu ana miaka 58 na huchezea Kisumu. Kisa kinapoanza hendikapu yake, yaani mapigo anayopunguziwa kwenye alama (ikiwa ndogo, mchezaji ni bora), ilikuwa 17. Hucheza Jumamosi, na katikati ya wiki akipata nafasi, na jioni nyingine hupita kwenye uwanja wa mazoezi kupiga ndoo moja ya mipira, siku nyingine mbili. Ana mabega mapana na swingi, yaani mzunguko wa fimbo, ya haraka: fimbo ikifika juu haitulii, inageuka papo hapo. Haraka hiyo msomaji aiweke akilini.

Aironi zake, yaani fimbo zenye namba za mapigo ya kati, zilikuwa za zamani, alizouziwa na mfanyakazi mwenzake aliyehama nchi. Shafti, yaani ule ufito mrefu kati ya gripi (mshikio) na kichwa, zilikuwa za chuma, na kila moja ilikuwa na gramu 120 na kitu. Gripi hazikuwahi kubadilishwa tangu azipate. Zilikuwa zimekauka, zikang'aa mahali vidole gumba vinapokaa. Draiva yake, fimbo ya pigo refu la kwanza, ilikuwa ya grafaiti, kama ilivyo karibu draiva yoyote utakayoishika leo, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuisifu wala kuilalamikia kwa sababu hiyo. Jambo hilo hunichekesha: watu hubishana vikali juu ya grafaiti huku kila mmoja anayo kwenye mfuko wake.

Kiwiko cha kushoto kilianza kumuuma Januari, upande wa nje, pale mfupa unapojitokeza. Yeye hupiga kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto ndio unaotangulia mpira, na kiwiko hicho ndicho kinachoumia sana kwa wachezaji wa aina yake. Februari alikuwa anashindwa kuinua birika la chai kwa mkono huo. Mwenzake wa Jumamosi akampa tiba: "Wewe ni mtu mzima sasa. Achana na chuma, chukua grafaiti."

Nakuru, mwezi Machi

Mwisho wa Machi alikwenda Nakuru kwa mashindano ya mwaliko. Asubuhi alicheza kwa fimbo zake za chuma, na mara mbili mpira ulipita grini, yaani nyasi fupi zenye shimo, kwa namna ambayo hakuizoea. Akadhani ni upepo wa nyuma.

Baada ya mchezo, mwenyeji wake mmoja akamwonyesha seti aliyokuwa anaiuza: aironi 5 hadi 9 na weji moja (fimbo ya mapigo mafupi), zote za grafaiti, za miaka ya karibuni na safi. Wakaenda kuzijaribu. Kisumu, aironi 7 ya Mwalimu ilikuwa inakwenda mita 130 hivi. Pale Nakuru, kwa aironi 7 ya grafaiti, alifika 145 na kupita kidogo. Kiwiko hakikusema kitu. Kabla jua halijazama alikuwa amelipa elfu 65 kwa M-Pesa, na zile za chuma zikarudi Kisumu kwenye buti la gari zikiwa chini ya mizigo.

Hakuuliza shafti zina gramu ngapi. Hakuuliza herufi ya ugumu iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya gripi, wala urefu wa fimbo, wala lofti, yaani mlalo wa uso wa kichwa. Aliuliza kama ni grafaiti, akaambiwa ndiyo.

Aprili hadi Julai

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza aliporudi. Wiki za mwanzo alikuwa mtu wa furaha. Kwenye daftari lake, siku za Aprili zina neno moja, "sawa", kwenye safu ya kiwiko. Alama za mchezo zilipanda, yaani zikawa mbaya, lakini alijiambia kwamba mkono unahitaji muda kuzoea.

Mei ilipoisha mkono ulikuwa haujazoea. Mipira mingi ilikuwa inavuta kushoto, mingine ikienda juu sana na kufa mapema. Umbali wa Nakuru haukuonekana tena. Aironi 7 ilipiga mita 141 siku nzuri, 125 iliyofuata, kisha 138 porini kushoto. Karibu na grini pia kulikuwa na pengo jipya. Weji iliyokuja na seti ilikuwa inakwenda mita 110, na weji yake ya mchanga, ya digrii 56, ilikuwa inafika 75. Katikati hapo hakuwa na fimbo, akawa anapiga nusu swingi kwa kubahatisha.

Kedi wake, kijana aliyembebea mfuko kwa miaka kadhaa, ndiye wa kwanza kuliona tatizo. Alimwambia, "Mwalimu, fimbo hizi zinakutangulia. Unafika mpirani kabla mwili haujageuka." Mwalimu aliona ni maneno ya kumfariji.

Julai ardhi ilikauka tena. Fomu ya mchezo ikiwa imemshinda, akaongeza mazoezi: ndoo mbili, jioni baada ya jioni, juu ya mkeka mwembamba wa nyasi bandia uliotandikwa kwenye sakafu ya saruji. Kufikia wiki ya tatu ya Julai daftari linasema "mbaya kuliko Feb." Fimbo zilikuwa zile zile za grafaiti.

Tochi

Mtu mmoja alimweleza, kwa usahihi, kwamba fimbo zake mpya ni ndefu kuliko kawaida. Seti nyingi za grafaiti hutengenezwa zikizidi za chuma kwa nusu inchi, kwa sababu shafti nyepesi inaruhusu urefu huo bila kichwa kuhisiwa kizito. Mwalimu akaamua zipunguzwe. Alimpelekea aironi 6 fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa jirani na kazini kwake, iwe mfano kabla ya nyingine.

Fimbo hupunguzwa upande wa gripi. Unatoa gripi, unafunga mkanda wa gundi pale unapokata ili nyuzi zisichanike, unakata kwa msumeno wa meno madogo, unarudisha gripi. Kichwa hakiguswi. Fundi yule, ambaye mikono yake imezoea mageti na fremu za madirisha, aliona ni rahisi kutoa kichwa kwanza, akawasha tochi ya gesi.

Shafti ya chuma ingevumilia. Gundi iliyoshika kichwa huachia kwa joto, na chuma hakidhuriki na moto wa kiasi hicho. Lakini grafaiti ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini, na resini hiyo ni ndugu wa gundi yenyewe: joto linaloyeyusha moja linaiua na nyingine. Kichwa kilipovutwa na kuzungushwa, ncha ya shafti ilibaki ndani na sehemu ya juu ikatoka imechanika kama muwa uliotafunwa. Hapo ndipo kisa kilipofika mezani kwangu. Aironi 6 ilikuwa imefungwa kwenye gazeti, na Mwalimu alitaka kujua kama inaungika. Haiungiki.

Tusimlaumu sana yule wa tochi. Hakuna aliyemwambia ni nini alichoshika, na kwa nje, baada ya rangi, grafaiti nyingine zinafanana na bomba la chuma lililopakwa rangi nyeusi.

Tulichopima

Nilianza na mizani ya jikoni, kwa sababu ndicho kifaa ambacho mtu yeyote anacho. Aironi 7 yake ya zamani ilikuwa na gramu 435 fimbo nzima. Ile ya grafaiti ilikuwa na 370. Vichwa vilikaribiana uzito, kwa hiyo tofauti ile ilikuwa karibu yote kwenye shafti: ya grafaiti ilikuwa ya gramu 55, yenye herufi A, ambayo kwa watengenezaji wengi ni ya mchezaji mwenye mwendo wa polepole. Nasema wengi kwa sababu herufi hizi, L, A, R, S na X, kutoka laini hadi ngumu, hazina kipimo kimoja kinachowabana wote. R ya kampuni moja yaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine.

Mwendo wake wa aironi 7 ulikuwa maili 80 hivi kwa saa. Huo si mwendo wa herufi A. Mwenye mwendo huo mara nyingi huangukia R, na Mwalimu, kwa ile haraka yake ya juu, angeweza hata kujaribiwa S.

Kisha tukanyunyiza poda ya mtoto kwenye uso wa fimbo, akapiga mipira. Kila pigo huacha duara safi mahali mpira ulipogusa. Kwa fimbo yake ya chuma, maduara yalikuwa yamekusanyika karibu na katikati, mengine kidogo kuelekea ncha. Kwa ya grafaiti yalikuwa yametawanyika uso mzima, na mengi yalikuwa upande wa kisigino, karibu na shingo. Fimbo ndefu kwa mtu aliyezoea fupi huleta kisigino cha kichwa kwenye mpira, na pia ncha ya kichwa huinuka, uso ukatazama kushoto. Hapo ndipo mipira yake ya kushoto ilipokuwa inatoka.

Mwisho nilipima lofti. Aironi 7 ya zamani ilikuwa na digrii 34. Mpya ilikuwa na 30. Namba iliyochapwa chini ya vichwa vyote viwili ni 7, lakini kwa kipimo cha seti ya zamani, ile mpya ni aironi 6, fimbo inayokwenda mbali zaidi.

Kilichoamuliwa, na kwa nini

Mwalimu alikuwa na njia nne mbele yake. Kurudi kwenye chuma chake cha zamani kulikuwa bure, ila vile vyuma vilikuwa vimeanza kutu: madoa ya vishimo juu ya kromu, na chini ya gripi moja kutu la unga lililobaki mkononi. Unyevu wa kando ya ziwa hauwi rafiki wa shafti ya chuma inayowekwa buti la gari ikiwa na maji. Tena aliogopa kiwiko.

Njia ya pili ilikuwa kubakiza shafti za gramu 55 na kununua moja ya kuziba pengo la aironi 6. Niliikataa waziwazi. Ingegharimu kidogo na isingetatua kitu.

Zilibaki mbili, zote zikitumia vichwa vipya: chuma chepesi cha gramu 95 hivi, au grafaiti nzito ya 80 na kitu, herufi R. Aliwahi kufikiria kuzitia shafti mpya kwenye vichwa vya zamani, lakini tundu za shingo za vile zina kipenyo cha milimita 9.0 na hupokea ncha iliyochongoka, na shafti nyingi za grafaiti alizoweza kuagiza ni za ncha iliyonyooka ya milimita 9.4. Tundu hutoboleka likapanuka, ni kazi halali na hufanyika, lakini haikuwa na maana kuifanyia vichwa vilivyochakaa.

Mimi nilielekea kwenye chuma chepesi. Bei yake ilikuwa karibu nusu, elfu 4 kwa shafti moja dhidi ya elfu 7, na kwa swingi ya haraka uzito kidogo zaidi ungemtuliza. Mwalimu alichagua grafaiti. Sababu yake ilikuwa kiwiko, na mtu anayeumia ndiye anayejua usiku wake unavyopita. Sikubishana.

Maamuzi mengine yalipita haraka. Fimbo zikatwe kufikia urefu wa kawaida. Gripi ziwe mpya, laini, na nene kidogo kuliko za kawaida. Aironi 5 iwekwe kando, mahali pake pashikwe na haibridi (fimbo iliyo kati ya aironi na zile za mapigo marefu) aliyokuwa nayo tayari. Pengo la mita 110 na 75 lizibwe kwa weji ya digrii 50 yenye shafti ya chuma, na weji ya mchanga ibaki ya chuma kama ilivyokuwa. Mfuko wenye grafaiti kwa fimbo ndefu na chuma kwa fupi si ajabu yoyote. Mapigo ya karibu hayahitaji mwendo mkubwa, na wengi hupenda uzito mkononi wanapopiga weji.

Kuna hesabu moja iliyotuangukia vizuri. Kichwa kinavyohisiwa kizito mtu akizungusha fimbo hupimwa kwa skeli ya herufi na namba, kama D0 au D2. Kukata nusu inchi hushusha namba tatu kwenye skeli hiyo. Kila gramu 9 hivi za shafti hupandisha namba moja. Tulikata nusu inchi na kuongeza gramu kama 25, vikasawazishana, na hatukulazimika kuongeza uzito wa madini ya risasi kwenye vichwa vya fimbo.

Kazi ya mwisho haikuwa yangu. Nilimwambia asiguse fimbo mpaka amwone mtaalamu wa fiziotherapia, na akaenda. Alipewa wiki sita bila mpira na mazoezi ya kuimarisha mkono wa mbele: kushusha uzito mdogo polepole kwa kifundo cha mkono, kila siku.

Matokeo

Alirudi uwanjani katikati ya Septemba. Kufikia Desemba aironi 7 yake ilikuwa inakwenda mita 138, na tofauti kati ya pigo zuri na baya ilikuwa imepungua sana. Daftari lina siku nyingi za 135 hadi 141, na chache za nje ya hapo. Poda ilionyesha maduara yamerudi katikati. Mpira wa kushoto bado upo akichoka, lakini sasa ni ugonjwa wa shimo la kumi na tano, si wa kila shimo.

Hendikapu ilishuka kutoka 17 hadi 16. Anayetaka kusikia kwamba ilifika 10 hatasikia kwangu.

Kiwiko kilikuwa kizuri Oktoba na Novemba. Desemba, ardhi ikiwa imekauka, alijaribu ndoo moja kwenye ule mkeka wa juu ya saruji, na asubuhi iliyofuata kilimkumbusha kuwa kipo. Ameacha mkeka. Siku hizi hupiga mipira michache kwenye nyasi, na mingi kati ya hiyo ni ya karibu na grini.

Zile shafti za gramu 55 zilizobaki hazikutupwa. Mama mmoja anayechezea huko huko alizihitaji kwa seti yake, na swingi yake tulivu inazifaa kabisa. Mikononi mwake mpira unapanda na kushuka polepole pale anapotaka.

Uchambuzi

Umbali wa Nakuru ndio uliouza seti, kwa hiyo tuanze nao. Kati ya mita 130 za Kisumu na 145 na ushei za Nakuru kuna vitu vitatu, na grafaiti si cha kwanza. Digrii nne za lofti peke yake ni kama fimbo moja, mita 10 hivi kwa mtu wa kiwango chake. Kisha mwinuko: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, inaupinga mpira kidogo, na tofauti hiyo inaweza kuleta mita nne au tano kwa aironi 7. Urefu wa nusu inchi unachangia kidogo kilichobaki. Ushahidi wa mwinuko alikuwa nao asubuhi ile ile, pale fimbo zake za chuma zilipovuka grini mara mbili. Angechukua aironi 6 yake ya zamani akapiga mipira kumi kando ya ile 7 mpya, pale pale, hewa ile ile, angeona zinafika pamoja.

Nasisitiza hili kwa wachezaji wa huku kwetu kwa sababu tunapanda na kushuka sana. Mtu wa Kisumu hucheza Eldoret au Kericho leo, kesho amerudi ziwani, na fimbo aliyoijaribu juu huihukumu chini. Jaribio la fimbo lina maana pale tu ya zamani na mpya zinapopigwa siku moja, uwanja mmoja, mipira ya aina moja, na lofti zinazolingana badala ya namba zinazolingana.

Kuhusu uzito, tatizo la Aprili hadi Julai halikuwa grafaiti. Lilikuwa gramu 55, herufi A, na nusu inchi ya ziada, vyote kwa mkupuo mmoja. Mtu mwenye haraka akipewa fimbo nyepesi ghafla, mikono hutangulia mwili. Kedi aliliona kwa macho tu, wiki nyingi kabla ya mizani yangu, na ushauri wake ulistahili kusikilizwa. Yeye ndiye anayesimama nyuma ya mpira kila Jumamosi. Grafaiti za aironi leo zinaanzia chini ya gramu 60 na kupita 100, na nyingi za chuma ni kati ya 90 hivi na 130. Mipaka inaingiliana. Mtu akiniambia tu "nataka grafaiti", hajaniambia bado anataka fimbo ya aina gani.

Imani kwamba grafaiti ni ya wazee na kina mama, na chuma ni cha wanaume wanaojua, nayo imechelewa. Bryson DeChambeau, bingwa wa US Open mwaka 2020 na 2024 na mmoja wa wapigaji wenye nguvu kupita wote, hutumia shafti za grafaiti mpaka kwenye aironi. Chuma chenyewe kiliwahi kuwa kitu cha kutiliwa shaka: Marekani kiliruhusiwa rasmi mwaka 1924, na wasimamizi wa mchezo wa St Andrews, Uskoti, wakasubiri hadi 1929, kabla ya hapo shafti zilikuwa za mti. Wachezaji wengi wa kulipwa bado wanabaki na chuma kwenye aironi kwa sababu wana mwendo wa kukihimili na wanataka kila pigo liwe na umbali ule ule. Sababu hiyo ni nzuri kwao. Haimhusu mtu wa hendikapu 17 anayepiga kisigino mara tatu kati ya tano.

Kiwiko ndicho kigumu. Kwamba grafaiti hufyonza sehemu ya mtetemo ambao chuma hungeupeleka mkononi, hilo halina ubishi, na yeyote aliyepiga mpira kwa ncha ya fimbo asubuhi ya baridi anaijua tofauti. Kwa mwenye maumivu ya viungo ni sababu halali ya kuichagua. Lakini rudi kwenye daftari. Maumivu yalianza Januari, kiangazi, ardhi ngumu. Yalipungua Aprili, seti mpya na mvua vikiwa vimefika pamoja, na yeye akaisifu seti. Yalirudi Julai kwa fimbo zile zile, ardhi ilipokauka na mkeka wa juu ya saruji ukaingia. Uwanja wa Kisumu wenye udongo mweusi ukikauka hupasuka na kuwa mgumu kama lami, na fimbo inayochimba chini ya mpira hukutana na ardhi isiyotoa njia. Mshtuko huo ni mkubwa kuliko ule ambao shafti ya aina yoyote inaweza kuumeza.

Gripi zilichangia pia, naamini zaidi ya anavyokubali mwenyewe. Gripi iliyong'aa, jasho la Kisumu mchana, na hofu ya fimbo kuchomoka: mtu hubana. Misuli inayozuia kifundo cha mkono kisikunjike mtu anapobana ndiyo hiyo iliyoshikizwa kwenye mfupa ule wa nje wa kiwiko. Gripi mpya na nene kidogo humruhusu kushika kwa upole. Zingemgharimu elfu kadhaa mwezi Januari, kabla ya lolote lingine.

Yeye husema grafaiti ndiyo iliyomponya. Mimi nahesabu wiki sita za mapumziko, mazoezi ya mkono, gripi, na kuacha mkeka, halafu grafaiti mwishoni mwa orodha. Vyote viliingia kwa pamoja Agosti na Septemba, na hapo ndipo udhaifu wa kisa hiki ulipo: huwezi kuvitenganisha tena. Ushahidi pekee unaoegemea upande wangu ni ile ndoo moja ya Desemba, grafaiti nzito mkononi na saruji chini.

Na kuna chuma chepesi cha gramu 95 ambacho hakikujaribiwa. Nina aironi 7 moja iliyofungwa hivyo, lofti digrii 30, gripi kama zake, urefu kama wake. Nimemwomba aipige kando ya yake siku moja nyasi zikiwa na unyevu. Amesema atakuja, ila si kabla ya mashindano ya Machi, Nakuru.